Sweta ya Mkwe Nisiyemtazama

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na kazi mbili mkononi. Mchana nilifuma sweta ya mwanamume ambaye sikuwahi kumtazama usoni, na jua likishapoa nilisoma riwaya ambayo mwandishi wake alitumia kurasa tatu nzima kunieleza kidevu cha mwanamume mwingine. Kidevu tu. Nilimjua yule mtu wa kitabuni mpaka kovu lililokuwa chini ya mdomo wake. Mkwe wangu mwenyewe, aliyemwoa binti yangu wa pekee, nilimjua viatu.

Hilo lataka maelezo, maana vijana wa siku hizi ukiwaambia wanacheka. Kwetu Ukambani, mama na mume wa binti yake wana nthoni kati yao. Nthoni ni aibu, ila si aibu ya mtu aliyekosa, ni ile ya heshima. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Akiingia kwako kwa mlango wa mbele, wewe unatokea wa nyuma. Hali mbele yako, huli mbele yake, hampeani mkono, na macho yako yanakaa chini. Wapo waliookoka wakasema hayo ni mambo ya giza, wakaanza kusalimiana na wakwe zao kwa mikono hadi mlangoni pa kanisa. Mimi pia nimeokoka, tena nilifundisha watoto shule ya Jumapili miaka mingi, lakini macho yangu hayakuokoka. Nikisikia tu sauti ya yule kijana uani, yalikuwa yameshashuka kabla sijayaambia.

Mtu asidhani nilimchukia. Alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo huko Kiboko, akitunza vishamba vya majaribio, na kila msimu aliniletea mbegu za mbaazi zile zinazowahi kukomaa. Alinipigia bati jipya jikoni. Siku hiyo ya bati nilikaa kwa jirani mpaka akamaliza akashuka akaenda zake, ndipo nikarudi kuangalia kazi yake, na ilikuwa nzuri. Nilimpenda kwa mbali, inavyotakiwa.

Binti yangu alikuja mwezi wa saba, na baridi yake ile ya ukungu asubuhi. Mimi wakati huo nilikuwa mjane, nimestaafu ualimu, naishi karibu na soko la Matiliku. Alikuja na mtoto mgongoni, mikoba miwili, na sufuria. Niliitazama ile sufuria kwanza. Mtu anayekuja kusalimia mamake haji na sufuria. Akasema amekuja kunisaidia kuchuma mbaazi. Nikamwambia mbaazi zenyewe bado mbichi. Akasema basi atangoja ziive.

Jioni hiyo alinitolea vitu viwili kutoka kwenye mkoba. Cha kwanza kilikuwa mabunda ya uzi wa sweta, rangi ya kijani iliyokolea, mzuri wa kutosha kunitia wivu. Alitaka nimfumie mumewe sweta, tena nzito, yenye kola ya kufunika shingo. Nilicheka. Sweta ya nini, Kiboko? Kiboko hata mijusi wanatafuta kivuli! Akasema siku hizi wanamwagilia mimea usiku, na usiku kuna baridi. Cha pili kilikuwa riwaya, mpya kabisa, bado inanukia wino, aliyoinunua kwa mchuuzi pale Emali. Yeye hakuwa ameisoma. Alijua tu kwamba mama yake asipokuwa na kitu cha kusoma anakuwa mkali.

Tangu jioni hiyo nilitaka kujua kitu kimoja tu. Binti yangu ameachwa au hajaachwa? Nilimuuliza wazi kama wamekosana, akasema hapana. Nikamuuliza kama amefukuzwa, akasema hapana. Lakini jikoni nilimkuta akifuta macho, akasingizia moshi, na kuni zenyewe zilikuwa kavu, nilizianika mwenyewe. Usingizi ulinipotea. Nilikuwa na mtoto mmoja, naye alikuwa na nyumba moja, na kama nyumba hiyo imevunjika nilitaka niambiwe.

Basi nikashika sindano, maana mikono ikifanya kazi moyo unapunguza kelele. Shida ikawa vipimo. Sweta haifumwi kwa kukisia. Unataka kifua cha mtu, unataka bega hadi bega, unataka kwapa hadi kifundo cha mkono, na mimi huyo mtu sina ruhusa hata ya kumtazama, sembuse kumzungushia futi ya fundi kifuani. Binti yangu ningemuuliza, lakini kila nikitaja mumewe alikumbuka kitu cha kufanya nje. Nikaenda kwenye picha ya harusi, ile iliyotundikwa juu ya redio. Picha haina nthoni. Binti yangu kasimama, urefu wake naujua, na kando yake amesimama huyo mtu. Nikachukua rula, nikampima binti kwenye picha, nikapiga hesabu ya darasa la sita, nikapata mabega ya mkwe wangu. Alikuwa na mabega mapana, mashallah, kama wanavyosema majirani zetu Waislamu wa dukani. Hata hapo lakini nilianzia kwenye kola nikashuka chini. Usoni sikufika.

Nilifuma nikikaa mlangoni pa jikoni, kwenye kigoda. Nilianza na kipande cha mgongo, nikaingia kifua, kisha mikono. Mgongo ulipokwisha nilimwita binti yangu aushike juu niutazame. Akaushika kwa ncha mbili, akauangalia, akaachanisha mikono yake hewani kama anayempima mtu asiyekuwepo. Nikamuuliza kama ni mkubwa. Akasema uko sawa. Akaukunja polepole mno, akauweka mapajani mwangu, akatoka kwenda kuangalia mbuzi ambao walikuwa wamefungwa tayari.

Na ile riwaya nayo ikaanza kunichoma. Ilimhusu mfanyabiashara wa vitambaa katika mji mkubwa, yule mwenye kidevu. Mtu mtanashati, mpole, kila mtu anampenda. Ikawa anamwambia mkewe kwamba siku hizi ana kazi ya usiku. Mke anaamini. Halafu akamwambia aende kwa mama yake na mtoto, akapumzike kwa muda. Kumbe ng'ambo ya mto ana nyumba nyingine, na mwanamke mwingine, na watoto wawili wenye kidevu kilekile! Aka! Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikamtazama binti yangu akipepeta kunde pale uani. Kazi ya usiku. Kwa mama, kwa muda. Nilihisi kama mwandishi yule amekaa nyumbani kwangu akituangalia.

Kuanzia siku hiyo sikusoma tena kwa starehe, nilisoma kama mpelelezi. Nikikasirika vitanzi vyangu hukaza, ni tabia ya mikono yangu, na mkono wa kushoto wa ile sweta ungeweza kukuonyesha nilikuwa nimefika sura gani. Ulikaza mpaka kiwiko kisingepita, ikabidi niufumue nusu. Nilifumua huku nikinuna, nikiuzungusha uzi kwenye goti, nikijiuliza kwa nini nimfumie sweta mtu wa namna hiyo. Mara mbili niliamua kuiacha. Kila mara nilirudi kwa sababu uzi ulikuwa mzuri, na kazi iliyoachwa katikati inanitia kichaa.

Rafiki yangu wa kikundi cha akina mama kanisani alikuja kunijulia hali, na huyo hajawahi kuja na habari njema. Alimtazama binti yangu, akaitazama sufuria ikiwa mekoni, akauliza mtoto atasomea chekechea ya huku au ya kule. Binti yangu alipoingia ndani, yule mama aliniinamia akasema barabara ile ya Mombasa, kuanzia Kiboko hadi Mtito Andei, imejaa wanawake wanaosubiri watu wenye mshahara. Nilimwambia anywe chai yake. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia, na yalikuta riwaya imeshayatandikia kitanda.

Siku ya pili yake nilishindwa kujizuia. Nilimuuliza binti yangu bila kuzunguka.

"Kuna mwanamke mwingine huko Kiboko?"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu aje, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikageuka katikati, kikawa kitu kingine, akajifunika uso kwa leso akatoka. Mimi nikahesabu kwamba nimejibiwa.

Nilimaliza riwaya na sweta katika juma lilelile. Riwaya ilinikera vibaya sana. Kurasa zote hizo, yule mke anavuka mto, anaikuta ile nyumba, anamkuta yule mwanamke anaanika nguo, na badala ya kusema lolote anarudi kwake akamwagilie maua, amesamehe. Maua! Nilikifunga kitabu kwa kishindo mpaka kuku wakaruka. Nikajiambia huyo mwandishi hana binti. Kisha nikashona mabega ya sweta, nikaunga mikono, nikashona ubavu kwa ubavu, nikaipiga pasi juu ya kitambaa kibichi, nikaitia kwenye kyondo, kikapu changu cha mkonge. Binti yangu nilimwambia naenda mkutano wa akina mama Emali. Sikumwambia kwamba naenda kuitazama hiyo nyumba ya ng'ambo ya mto.

Gari la kwenda Mtito Andei lilinishusha Kiboko kabla ya saa sita. Kuna migunga mirefu ya manjano pale, kuna nyani wasio na adabu, na malori yanapita bila kupumzika. Niliuliza njia ya nyumba za wafanyakazi, nikaonyeshwa safu ya vijumba vya bati, na kilicho cha mkwe wangu. Kuingia uani kwa mkwe ni mwiko, kwa hiyo nilisimama nje ya ua wa michongoma. Kwenye nyumba ya kando kulikuwa na mwanamke anaanika nguo. Nikajiambia ndiye huyo. Nikamtazama vizuri, nikaona mimba kubwa, na mumewe amekaa mlangoni anapukuchua mahindi, nikatulia kidogo. Nikamsalimu. Nikamuuliza kwa sauti ya mtu mwema kama mama wa nyumba ile ya jirani yake yuko.

Akasema mama alikwenda kwao na mtoto. Amebaki mgonjwa peke yake.

Nilimuuliza mgonjwa gani. Akanitazama, akatambua mimi ni mtu wa nyumbani, akaacha nguo akasogea karibu na ua. Alisema kwa sauti ya chini. Ni kifua kikuu. Kila asubuhi anakwenda kuchomwa sindano, na mwanzoni alikuwa akienda kwa miguu, siku hizi anabebwa na baiskeli. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza mkewe na mtoto, kwa sababu mtoto ni mdogo, akasema asirudi mpaka daktari amruhusu. Chakula wanamwekea mlangoni. Na akamkataza mkewe asimwambie mtu, maana watu hawasemi kifua tena, siku hizi mtu akikonda wanasema ni ule ugonjwa mwingine, na vikombe vyake vinatengwa hata kabla hajafa.

Nilisimama pale na hasira yangu yote, sikuwa na pa kuipeleka. Kwanza niliogopa. Kisha nikamkasirikia binti yangu, aliyekaa jikoni kwangu majuma yote hayo akiniachia nifume upuuzi. Kisha nikakumbuka vile alivyoachanisha mikono yake hewani, na hasira hiyo nayo ikaniacha. Yule mwanamke alikuwa ameshampigia mkwe wangu kelele kwamba kuna mgeni.

Nilisikia mlango. Macho yangu yalishuka yenyewe, kama kawaida yao. Nikaona patipati za bluu zikija polepole, na juu yake suruali inayofagia mchanga. Zikasimama mbali, mahali panapofaa.

Alinisalimu, akauliza habari za nyumbani, kama mama wa mtoto yuko salama, kama mtoto hajambo. Sauti ilikuwa ndogo. Nilimjibu nikiwa nimegeuza uso upande wa barabara. Nikasema nimeleta ile sweta. Nikaitundika kwenye mti wa ua, kwa sababu kitu hakitoki mkononi mwangu kikaingia mkononi mwake, nikarudi nyuma hatua kadhaa. Alikuja akaichukua, akashukuru. Nikamsikia akiivaa palepale, jua la Kiboko likiwa katikati ya kichwa.

Hapo ndipo nthoni iliponishinda, na sijui kama ni mapenzi au ni ufundi. Mtu aliyefuma sweta hawezi kuacha kutazama kama mabega yamekaa. Unaweza kumwambia aache kupumua ataacha, lakini si hilo. Nikageuka nikatazama mabega.

Hayakuwepo. Mshono niliounga kwa subira yangu yote ulikuwa umeshuka karibu na viwiko. Mikono imemeza vidole. Kola niliyoifuma ya kubana shingo ilikuwa inaelea, na katikati yake shingo imesimama kama mpini. Ile picha juu ya redio haikuwa imekonda. Mimi nilikuwa nimemfumia mtu wa siku ya harusi, na huyu niliyemtazama viatu miaka yote alikuwa amepungua kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, katika uwanja wangu mwenyewe, alipokuja kuniletea mbegu, na mimi macho chini kwa heshima. Halafu nikapandisha macho, nikamtazama usoni. Alikuwa kijana. Sikuwa najua kwamba alikuwa kijana hivyo.

Na yeye alikuwa ananitazama. Kwa mara ya kwanza hatukujua la kufanya.

"Mbona hamkuniambia?" nilimuuliza.

"Nilimkataza. Nilijua ungekuja."

"Na si nimekuja?"

Alianza kuzungusha mikono ya sweta apate vidole vyake. Nilimwambia aivue nikaipunguze, kazi ya juma moja, sitachukua muda. Nilikuwa naongea haraka haraka kama mwalimu mgeni darasani. Nikasema nitatoa kando zote mbili, nitapandisha mabega, uzi utakaobaki utamtosha mtoto. Akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Usiipunguze, mama. Iache hivi. Nitaijaza."

Nilimwambia basi aijaze upesi, mimi sifumi sweta za kutundikwa ukutani. Akacheka. Kicheko kikaamsha kikohozi, kikamkunja, akaufunika mdomo wake kwa ule mkono mrefu wa sweta akanigeuzia mgongo, na mkono wa pili akaunyoosha nyuma kunizuia nisimkaribie. Niliutazama ule mkono. Mimi niliyekaa mbali naye tangu amwoe mwanangu, leo yeye ndiye anayeniambia nikae mbali. Nilitafuta mwanya kwenye michongoma, nikapita, ikanichana leso, nikaingia uani kwake. Nikamwekea kiganja mgongoni, nikakiacha hapo wakati anakohoa. Chini ya sweta yangu nzito nilisikia mbavu zake, moja moja, na sikuondoa mkono.